Lami Ilipoishia: Gia ya Chini na Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya usafiri wa Dar es Salaam huandikwa kwa vyombo vinavyoonekana: reli ya kati, mabasi ya UDA, daladala, bodaboda, na sasa mwendokasi. Kipo chombo kingine ambacho hakipewi hata mstari mmoja, pengine kwa sababu kimejificha chini ya sakafu ya gari, nyuma ya giaboksi. Mafundi hukiita transfa. Ni giaboksi ya pili inayogawa nguvu za injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na katika magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu humpa dereva mwendo wa aina mbili: wa kawaida, na wa chini ambao madereva huuita "lo" tu. Kwa zaidi ya nusu karne lo imekuwa ikiamua nani anafika na nani analala njiani pembezoni mwa jiji hili, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Goba, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni ya zamani. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba lo ilinunuliwa badala ya barabara. Wenye mamlaka, wakoloni kwanza na sisi wenyewe baadaye, walijipatia gia ya kuwafikisha pale ambapo lami haikufika. Na kwa kuwa wao walikuwa wakifika, barabara ikaweza kusubiri.

Lazima kwanza ijulikane lo inafanya kazi gani, maana wengi hudhani inaongeza nguvu za injini. Injini inabaki ileile. Katika Land Rover ya silinda 4 ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, dereva akiweka gia ya kwanza pamoja na lo, injini huzunguka takriban mara 40 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Bila lo, gia hiyohiyo ya kwanza hutaka mizunguko kati ya 16 na 20 tu, kutegemea toleo la gari. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, gari lililo kwenye lo hutambaa chini ya kilomita 4 kwa saa, taratibu kuliko mtu anayekwenda sokoni kwa miguu. Nguvu ya kulisukuma gurudumu huzidi mara mbili, klachi haiungui kwa kukanyagwa nusunusu, na kwenye mteremko injini yenyewe hulishikilia gari, breki zikapumzika. Faida hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na penye mawe ndiyo kubwa kuliko zote. Tairi hupanda jiwe taratibu na kushuka upande wa pili bila kudondoka. Anayepita penye mawe kwa kasi hulipa kwa springi, kwa sampo iliyotoboka na kwa ekseli. Kwa hiyo swali la kuchagua lo ni swali la kwenda polepole kiasi gani bila injini kuzimika, na jibu lake hutegemea ardhi iliyo mbele ya gari.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Rover walikuwa wameiga wazo la Jeep ya jeshi la Marekani ya mwaka 1941, lakini katika jambo moja walichagua njia yao. Lo ya Jeep ilipunguza mwendo karibu mara 2; ya Land Rover za mwanzo ilipunguza karibu mara 3. Sababu ilikuwa shamba. Gari hilo lilikusudiwa kumfaa mkulima wa Uingereza baada ya vita, livute jembe na kuendesha pampu au msumeno kwa nguvu zinazochukuliwa kwenye transfa. Bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa vipimo. Kuanzia mwaka 1950 likapata mpangilio ambao madereva wetu wengi waliozoea Land Rover za zamani wanaukumbuka: kishikizo cha njano cha kubonyeza ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na kirungu chekundu cha kuvuta nyuma ili kuingia kwenye lo, ambacho kikivutwa huyafunga magurudumu yote manne kwa pamoja hata kama cha njano hakikuguswa. Mtu asiyejua kusoma kitabu cha maelekezo aliweza kufundishwa mambo hayo asubuhi moja, na ninaamini urahisi huo ulilisaidia gari hilo kuenea kuliko matangazo yote.

Tanganyika ya miaka hiyo ilikuwa katikati ya jaribio kubwa la mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, wakaleta kupitia bandari ya Dar es Salaam matrekta chakavu ya vita na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu kupita kiasi, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Funzo lililopaswa kutoka hapo ni kwamba ardhi huchunguzwa kwanza, njia hujengwa pili, mashine hufuata. Utawala ulichukua funzo dogo zaidi: kwamba gari jepesi lenye lo hupenya pale ambapo mtambo mkubwa hukwama. Bwana shauri, polisi, mganga na mmisionari wakapewa au wakajinunulia Land Rover. Kodi ikakusanywa, kesi zikasikilizwa, chanjo ikafika, na yote hayo yakawezekana juu ya njia ambazo lori la mkulima wa korosho lisingepita wakati wa masika. Sisemi kwamba ofisa yeyote aliandika popote kuwa gari lichukue nafasi ya barabara. Nasema matokeo yalikuwa hayo. Serikali inayofika kila mahali kwa gari lake haisikii haraka ya kujenga njia ambayo kila mtu angeifuata.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni barabara ya Kilwa. Inatoka mjini, inakatisha Temeke kwa Kurasini, Mtoni na Mbagala, inavuka mto Mzinga pale Kongowe, kisha inashika Mkuranga, Kibiti na bonde la Rufiji kuelekea Lindi na Mtwara. Kwa miongo mingi Mbagala ilikuwa mlango wa kusini, na mlango huo ulifungwa kila masika. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha kama kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa udongo kwa miaka mingi, na abiria wa kusini walikijua kwa jina kama mtu anavyomjua adui wake. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961. Katika muda wote huo gari la serikali lenye lo ndilo lililokuwa na nafasi kubwa ya kufika Kilwa wakati wa mvua.

Hapa msomaji anaweza kunipinga kwa haki. Malori ya Bedford na Leyland, mengi yakiwa yanavutwa na magurudumu ya nyuma pekee na hayana lo, nayo yalifika Lindi, mabasi yalifika, basi lo haikuwa na uzito ninaoupa. Ni kweli yalifika. Lakini tuangalie yalifikaje. Utingo alibeba mbao, majembe na minyororo. Abiria walishuka, wakakata matawi, wakatandika njia, wakasukuma, wakasubiri lori jingine liwavute, na pengine wakalala hapo siku mbili au tatu na mizigo yao ikaoza. Mabega ya watu yalifanya kazi ambayo gia ingefanya. Pingamizi hili, likichunguzwa, linaiongezea hoja yangu nguvu, kwa sababu linaonyesha gharama ya kukosa lo ilimwangukia nani. Ofisa alibadilisha gia. Mama aliyekwenda kumuuguza ndugu yake Muhimbili alivua viatu akaingia kwenye tope.

Pingamizi la pili ni la kiufundi: kwamba injini kubwa huondoa haja ya lo. Toyota walilijaribu wazo hilo kabisa. Gari lao la kwanza la aina hii, BJ la mwaka 1951, halikuwa na lo. Lilitegemea injini kubwa iliyotoka kwenye lori, na katika majaribio lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Ni sifa ya kweli. Lakini mwaka 1960, walipotoa mfululizo wa 40, ule ambao Afrika nzima iliujua, Toyota wenyewe waliweka lo. Mtengenezaji aliyekuwa na injini yenye nguvu kuliko ya Land Rover, na ambaye tayari alikuwa amejivunia kupanda mlima bila lo, aliona bado inahitajika. Injini kubwa huweza kulisukuma gari kupita tope kwa mbio. Haiwezi kulishusha taratibu kwenye korongo la Pugu lenye mawe na utelezi.

Basi kwa nini gari hilo la Toyota, Land Cruiser, likaishinda Land Rover katika nchi hii? Wengine watasema gia zake zilikuwa bora. Hesabu haikubaliani nao. Land Rover za mfululizo wa zamani, kama nilivyoeleza, zilikuwa na mizunguko 40 kwa mmoja. Ile ya mwaka 1983, One Ten, iliyokuja kuitwa Defender kuanzia 1990, ilifika 43 hivi. Na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mwaka 1984, hazikuwa mbali na hapo. Kwenye lo walikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa katika vitu vinavyobeba nguvu ambazo lo inazizidisha. Lo ikizidisha nguvu mara mbili, nguvu hizo lazima zipite kwenye shafti za ekseli, na shafti za nyuma za Land Rover za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika. Dereva akilibana gari kwenye jiwe au kwenye tope zito, klachi ilisalimika na shafti ikaondoka. Land Cruiser ilikuwa nzito na ghali, lakini ekseli yake ilivumilia. Mtu anayechagua transfa leo angefaa kulikumbuka hilo kabla ya kutamani namba kubwa: gia ya chini zaidi huhamisha tu mahali pa kuvunjika, hadi sehemu dhaifu kuliko zote ipatikane.

Kulikuwa pia na lami yenyewe. Transfa ya zamani, ya Land Rover za awali na ya Land Cruiser nyingi, huyafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi moja. Kwenye tope haidhuru, tairi huteleza kidogo. Kwenye lami kavu gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa, mitambo hujikaza hadi kitu kipasuke. Kwa hiyo dereva wa Land Cruiser alishuka mahali lami ilipoishia, akafunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, akaendelea; akirudi kwenye lami akashuka tena kuzifungua. Land Rover ya 1983 iliondoa usumbufu huo kwa kuweka difu ya katikati, magurudumu yote manne yakavuta wakati wote hata kwenye lami, na dereva akaifunga difu hiyo kwa kishikizo anapoingia kwenye njia mbaya. Kwa mji kama Dar es Salaam, ambako safari moja huchanganya lami ya Morogoro Road na makorongo ya Goba, huo ulikuwa mpango bora, na mimi ningeuchagua. Lakini una sharti: anayesahau kuifunga difu hukwama kwa gurudumu moja tu linalozunguka hewani, na gari zuri likalaumiwa bure. Toyota ilikuwa rahisi kueleweka na ngumu kuharibiwa na dereva asiyefundishwa.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote ilikuwa spea na wakati. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikauka fedha za kigeni. Land Rover nyingi za idara na mashirika ya umma zilisimama kwa kukosa beringi au sili ya mafuta, na zilizoendelea kutembea ziliishi kwa kula viungo vya zile zilizokufa. Karakana za eneo la Gerezani, na gereji za chini ya miembe za Temeke na Kinondoni, zilijifunza wakati huo kuifungua transfa, kuchagua gia nzima kutoka mbili mbovu na kuifunga tena. Ni elimu kubwa, na inasikitisha kwamba haikuandikwa. Mlango wa biashara ulipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, na misaada ya wafadhili ikaongezeka, gari lililoletwa kwa wingi na spea zake lilikuwa Toyota. Miradi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na wizara zikabadilika. Ndipo mitaa ikapata majina yake: mkonga, kwa bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, na shangingi kwa lile la kifahari la wakubwa. Jina la pili lilibeba hasira ambayo naiona ya haki. Lo iliyokuwa chombo cha kumfikisha mganga kijijini ilikuwa sasa inazunguka Masaki na Oysterbay juu ya lami, bila kuguswa mwaka mzima.

Wakati huohuo mji ulikuwa unapanuka kuliko mpango wowote. Sensa ya 1967 iliwakuta watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao walijenga kwanza, barabara wakaisubiri. Kaskazini, ukanda wa Kunduchi na Wazo una mawe ya matumbawe, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiliwekwa Wazo mwaka 1966 na akina mama wa Kunduchi wakavunja kokoto kwa nyundo. Goba na Kimara zina vilima na mabonde ambayo mvua moja huyachimba. Kusini, Mbagala hadi Chamazi, mchanga na mfinyanzi hubadilishana. Walimu, makarani na wafanyabiashara waliohamia huko walitaka magari, na minada ya Japani ikawapa: kwanza Suzuki Escudo na Hilux Surf, zenye lo halisi, kisha RAV4, iliyotoka mwaka 1994, inayovuta magurudumu manne lakini haina lo kabisa. RAV4 ikapendwa sana. Hili ni pingamizi la tatu, na ndilo zito kuliko yote: kama watu wa Goba na Mbagala, wanaoishi kwenye makorongo yenyewe, walinunua gari lisilo na lo, je, hawakuonyesha kwa fedha zao kwamba haihitajiki?

Nadhani walionyesha jambo jingine. Mwenye RAV4 alifanya hesabu ya mwaka mzima, siku za kiangazi zikiwa nyingi kuliko za masika, mafuta yakiwa ghali, na lo ikiongeza uzito na bei. Katika zile wiki za mvua aliliacha gari kwenye lami, kwa jirani au kituo cha mafuta, akamalizia kwa miguu au, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa bodaboda. Pikipiki ilichukua nafasi ya lo kwa sababu ni nyepesi kiasi kwamba ikikwama watu wawili huinyanyua. Lakini pikipiki haibebi jeneza, wala haimfai mjamzito usiku. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, na mwaka 2012 baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na mji, kwenye njia za udongo. Waliohamishwa hawakupewa magari. Waliokwenda kuwakabidhi viwanja pengine walifika kwa magari yenye lo.

Jirani zetu Wakenya wana shindano la Rhino Charge, lililoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, ambao ulikamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Mshindi hapatikani kwa mbio. Ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata ikibidi kupanda mwamba badala ya kuuzunguka. Huko ndiko kuchagua gia za transfa kumekuwa sanaa kamili, watu wakishusha mwendo wa gari hadi liweze kutambaa kwenye jiwe bila dereva kugusa klachi. Naliheshimu shindano hilo, na naona linasema ukweli kuhusu chombo hiki: mahali pake pa haki ni mwamba aliouchagua mtu kwa hiari yake. Njia ya kwenda zahanati haimo katika mahali hapo.

Na barabara zinapojengwa, hoja inathibitika kwa upande wa pili. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2015, umeweka lami na mifereji katika mitaa kadhaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke, na wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioundwa mwaka 2017, umepewa jukumu la barabara za mitaa. Palipopita lami na mfereji, bajaji inapita masika yote; lo imekosa kazi bila mtu kuipiga marufuku. Bado mitaa mingi ya ndani haijafikiwa, na kila mwaka wizara na halmashauri huomba magari mapya ya kwenda "maeneo yasiyofikika". Madiwani wa Temeke, Kigamboni, Ubungo na Kinondoni wangeombwa jambo moja tu: ombi la kila gari la aina hiyo liletwe mezani pamoja na jina la barabara inayolifanya lihitajike, urefu wake, na tarehe itakayojengwa.